Kati ya Vivek na Ijeoma: Uanze na Kipi?

Mteja mmoja aliona kitabu mezani pangu. Alikuwa amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, na mashine ilipokuwa ikipata moto akakishika. Vitabu ninavyosoma kazini nimevivalisha karatasi ya kaki kama madaftari ya shule ya msingi, kwa hivyo hakuna kava ya kumwambia mtu chochote. Akasoma ukurasa mmoja amesimama. Akasoma wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, hiki kinahusu watu gani?" Nikamwambia ni wapenzi wa jinsia moja. Akalipa, akafika mlangoni, akarudi. "Mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu cha namna hii, aanze na kipi?"

Ilikuwa mwisho wa Juni, na saiba yangu, duka la kompyuta za intaneti, ilikuwa imejaa watu wa kujaza fomu za kodi za KRA. Nilimtajia jina la kwanza lililonijia. Nilipofunga jioni nilijua nimemjibu vibaya, maana sikumwuliza kinachomuuma. Vitabu hivi havichaguliwi kwa sifa wala kwa tuzo. Vinachaguliwa kwa kidonda.

Nitaweka mbele yako riwaya mbili. Moja ni The Death of Vivek Oji ya Akwaeke Emezi, iliyotoka 2020. Ya pili ni Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, iliyotoka 2015. Pembeni nitaweka kazi mbili fupi ambazo utazimaliza kabla chai haijapoa. Zote nilizisoma kwa Kiingereza, nyingi nikiwa hapa Nakuru nyuma ya kaunta, na nyingine kwenye matatu ya Kisumu. Riwaya zote mbili zinatoka Nigeria, zote ziko katika nchi ya Waigbo, na zote zina mama anayempenda mtoto wake na bado anamuumiza. Kwa nje utadhani ni ndugu. Ukizisoma, moja inakushika koo tangu mstari wa kwanza, na nyingine inakukalia kifuani taratibu mpaka siku moja unaona huwezi kupumua.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la maneno. Mwanamke wa Pwani akimwita mwenzake shoga, amemwita rafiki yake wa karibu. Huku kwetu neno hilo hilo linarushwa kama jiwe. Kwa hiyo nitasema wapenzi wa jinsia moja, na nitasema transjenda kwa mtu ambaye jinsia anayojijua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, neno ambalo sasa watu wengi wamelizoea. Mengine nimeyasikia yakitumiwa vibaya mno, siwezi kuyaandika kwa roho safi.

Tuanze na Vivek. Emezi hafichi kifo. Kiko kwenye jina la kitabu na kiko kwenye ukurasa wa kwanza: soko limechomwa siku aliyokufa Vivek Oji. Kavita, mama yake, ambaye ni Mhindi aliyeolewa Nigeria, anafungua mlango na kukuta mwili wa mwanawe barazani, umefunikwa kitambaa, kisogo kimepasuka. Tangu hapo husomi ili kujua kama atakufa. Unasoma ili kumjua huyo aliyekufa. Kavita naye yuko hapo hapo ulipo. Anahangaika nyumba hadi nyumba akiwauliza marafiki wa mwanawe: nani alimleta nyumbani? Na mkufu wake, ule wa fedha wenye sanamu ya Ganesha, mungu wa Wahindu, ambao hakuwa akiuvua, uko wapi? Vijana wanatazamana. Wanajua, lakini wanachokijua ni kikubwa kuliko swali lake. Walimjua mtu mwenye nywele ndefu na magauni, mwenye jina jingine, Nnemdi, mtu aliyecheka nyumbani kwao jinsi ambavyo hakucheka kwake. Mama mzazi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kuna jambo nililiona nilipojaribu kumsimulia dada mmoja hadithi hii kwa Kiswahili. Kiingereza kinamdai mwandishi achague kila baada ya maneno machache: wa kiume au wa kike. Mimi sikudaiwa. Alikuja. Alisuka nywele. Alicheza. Alikufa. Ile "a" yetu inambeba mtu yeyote bila kumuuliza alizaliwaje. Nilimsimulia Vivek kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusema uongo hata mara moja. Nilipofika kwenye maneno ya ukoo tu ndipo ulimi ukasita: kaka, dada, mjomba, shangazi. Hayo yanachagua. Hayo ndiyo yanayopigiwa kelele kwenye mazishi.

Nayajua mazishi hayo. Binamu yangu alifariki Kisumu miaka sita iliyopita. Alikuwa ameishi kama mwanamke kwa miaka minane, akisuka watu nywele kule Manyatta, na jina alilojichagulia ndilo wateja na majirani walilolijua. Sitaliandika hapa kwa kuwa wazazi wake bado wapo na hawajaniruhusu. Kwa vile mimi ndiye mwenye kompyuta katika ukoo, baba mdogo alinitumia wasifu wa marehemu kwenye simu niuchape na kutengeneza programu ya mazishi. Uliandikwa kwa Kiingereza, kila sentensi ikianza na kiwakilishi cha kiume. Picha waliyotaka ni ya Kidato cha Nne, nywele zimenyolewa, tai shingoni. Ninazo picha zake nyingine nzuri sana. Nilichapa nilichotumiwa. Nilichapa nakala 150, nikazipakia kwenye boksi zikiwa bado na joto la mashine, nikalipakata boksi lile kuanzia Nakuru, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, hadi Kisumu.

Siku ya mazishi walikuja marafiki zake watano, wakakaa nyuma kabisa karibu na migomba. Niliwapelekea programu mwenyewe. Mmoja akaifungua, akaitazama picha, akaifunga. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyorudisha sahani ya jirani. "Huyu simjui," akasema.

Nilipofika mahali ambapo Kavita anakaa na marafiki wa mwanawe na wao wanaanza kumwambia, nilisikia sauti ile ile. Saa kumi mchana nilivuta shata, nikazima taa, nikalia kwenye kiti cha wateja. Nililia kwa ajili ya binamu yangu, na nililia kwa sababu vidole vilivyochapa vilikuwa vyangu. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu kabla ya kitabu hiki.

Kwa hiyo ukiniuliza The Death of Vivek Oji ni cha nani, nitakwambia ni cha aliyezika. Ni cha mzazi, dada, shangazi, mtu yeyote aliyebaki na maswali ambayo mwenye kuyajibu hayupo tena. Emezi amempa hata marehemu nafasi ya kusema: kuna sura fupi ambazo Vivek mwenyewe anaongea akiwa ng'ambo ya kifo, na kwa mtu aliyefiwa, sura hizo ni maji kwa mwenye kiu. Lakini nakutahadharisha. Kuna tukio la kanisani, watu wakimpiga kijana kwa jina la maombi, na limeandikwa bila pazia. Pia kuna mapenzi ndani ya ukoo mmoja, jambo ambalo kwetu ni mwiko mzito, na sikutaka ukutane nalo ghafla ukakitupa kitabu. Mimi niliweka kitabu chini siku mbili kwa ajili ya hilo. Nilirudi kwa sababu ya Kavita. Na ikiwa maiti ya mtu wako haijafikisha hata mwaka kaburini, ngoja kwanza.

Ijeoma ni habari nyingine. Under the Udala Trees inaanza wakati wa vita vya Biafra, Waigbo walipotaka kujitenga na Nigeria. Mwaka ni 1968, ndege zinakuja juu ya Ojoto, na baba yake Ijeoma anakataa kukimbilia maficho. Anakufa humo nyumbani. Mama yake, Adaora, anaelemewa, na anamtuma binti yake Nnewi akaishi na mwalimu na mkewe, akiwafanyia kazi za nyumbani. Nani kati yetu hajui binti aliyepelekwa "kukaa na watu"? Ni huko anakokutana na Amina, yatima mwenzake. Amina ni Mhausa. Katika vita vile, Mhausa machoni pa Mwigbo ni adui, na mwalimu anasita hata kumpokea.

Nilikifungua kitabu nikitarajia kulia kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Nililia mapema zaidi, kwa sababu ya jina la Amina. Mtu wa Nakuru anaelewa. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa hapa ulikuwa umejaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya majina yao, na mimi mwenye jina la Kijaluo nilijifunza mwezi ule kulitamka taratibu au kutolitamka kabisa. Okparanta ameunganisha mambo hayo mawili bila kuhubiri: msichana anaambiwa usimpende kwa kuwa ni msichana mwenzako, na usimpende kwa kuwa si wa kwetu. Sababu zote mbili zinatoka kinywa kimoja. Sikuwahi kuziona zimekaa pamoja hivyo, na tangu hapo sijaweza kuzitenganisha.

Wanafumaniwa. Mama anakuja kumchukua, na hapo zinaanza kurasa ambazo zitakugawa wewe msomaji. Adaora anamkalisha binti chini na Biblia, kila siku, kuanzia Mwanzo. Sodoma. Mambo ya Walawi. Yule Mlawi na suria wake katika Waamuzi. Ijeoma anasikiliza, anaitikia, na moyoni anauliza maswali ambayo mimi niliyauliza nikiwa darasa la katekisimu na nikachapwa. Wengine wataona sehemu hii ni ndefu. Hata mimi nilihisi inajikokota. Lakini ukiwa umewahi kukaa mkekani mbele ya mama anayekusomea aya ili uache kuwa wewe, urefu ule ndio ukweli wenyewe. Masomo yale hayakuwahi kuwa mafupi.

Sehemu iliyoniuma kuliko zote huwa haitajwi sana na watu waliokisoma. Ijeoma anaolewa. Bwana anaitwa Chibundu, walicheza pamoja utotoni, na mwanzoni si mtu mbaya. Ijeoma anapika, anafua, anabeba mimba, anajaribu. Okparanta anakuonyesha nyumba ambayo hakuna anayepiga kelele na bado hakuna hewa. Wanawake watatu ninaowafahamu wanaishi katika nyumba hiyo, na mmoja wao nilimpa kitabu akakaa nacho miezi mitano. Aliponirudishia hakusema neno. Alikuwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja tu. Nikaufungua usiku ule nikausoma mara tatu.

Tahadhari ya kitabu hiki ni moto. Kuna usiku ambapo wanawake wanaokutana kwa siri wanavamiwa, na mmoja wao anachomwa akiwa hai. Ni kurasa chache, lakini zinanuka. Ukiwa na watoto wanaokulalia, usizisome usiku. Kwa upande mwingine, tofauti na cha Emezi, hiki hakikuachi kaburini. Adaora wa mwisho wa kitabu si Adaora wa katikati, na zaidi ya hapo sisemi. Kwa binti au kijana anayeishi bado chini ya paa la wazazi na anahesabu miaka, hiki ndicho cha kumpa. Vivek atamtisha. Ijeoma atamwonyesha mtu aliyepita humo akatokea upande wa pili akiwa hai, na ana mtoto, na ana sauti yake mwenyewe, maana kitabu kizima anakisimulia yeye.

Mwishoni Okparanta ameweka maelezo mafupi kwamba Januari 2014 rais wa Nigeria, Goodluck Jonathan, alitia sahihi sheria dhidi ya mahusiano haya, yenye vifungo vya hadi miaka 14. Nilisimama hapo kwa sababu ya ule mwezi. Mwezi huo huo, mtu aliyezaliwa hapa hapa Nakuru mwaka 1971 alitoa maandishi ambayo nchi nzima ilizungumzia.

Binyavanga Wainaina tayari alikuwa na Tuzo ya Caine ya 2002, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, na kitabu cha maisha yake cha 2011. I Am a Homosexual, Mum alikiita sura iliyopotea ya kitabu hicho. Ni kurasa chache. Anajiweka kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, Julai 2000, anainama, anamwambia sikioni. Halafu anakwambia wewe msomaji kwamba haikuwa hivyo. Hakuwepo. Alikuwa Afrika Kusini mama yake alipofariki, na neno hilo hakulisema kamwe kwa aliyelilenga.

Nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote katika hivi. Ni rahisi kulipata kwenye simu, na Kiingereza chake kimekatwa vipande vipande kama pumzi ya mtu anayekimbia. Mama yake alikuwa na saluni mjini hapa. Nikipita mitaa ya katikati ya mji nikaona wanawake wamekaa chini ya draya, namfikiria huyo mama ambaye hakuambiwa. Ikiwa mama yako yu hai na una neno limekukwama, anza na hili, kabla ya riwaya zote mbili. Halitakuambia useme. Halitakuambia unyamaze. Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyoharamisha mapenzi haya. Wiki ile niliweka maandishi yake kwenye skrini ya kompyuta namba nne, ile ya pembeni, na kila aliyekaa hapo aliyakuta.

Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine ya 2007, ni nyepesi zaidi kuingia. Ni barua. Anyango anamwandikia Sanyu, ambaye anarejea kutoka London baada ya miaka mingi, akimkumbusha walivyokua katika mtaa wa nyumba za kupanga huko Nakawa, Kampala, na usiku walioonekana pamoja. Aliyewaona ni Mama Atim, jirani. Kila ploti ina Mama Atim wake, anayejua ni nani amekuja na ameondoka saa ngapi. Na jambula ni zambarau tu, yale matunda ambayo huku magharibi wengi huyaita jamna, yanayoacha ulimi wa mtoto na rangi ya wino hata akikana kwamba alipanda mti. Hadithi nzima imo katika doa hilo. Ndiyo iliyozaa filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, iliyopigwa marufuku nchini 2018 kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba. Kwa mtu anayeogopa hata kugusa jambo hili, huu ndio mlango wa chini kabisa. Humpi kitabu. Unamtumia hadithi, anaisoma akiwa kwenye foleni ya benki. Sikulia nilipoisoma. Nilitabasamu, na siku nzima nilikuwa na hamu ya kumpigia mtu fulani simu.

Nimeulizwa pia kuhusu vitabu vya ng'ambo. Giovanni's Room cha James Baldwin, cha 1956, ni kizuri na kimejaa aibu. Mmarekani aliye Paris anamwacha mpenzi wake aangamie kwa sababu hawezi kujikubali. Kisome ukiwa na nguvu. Stone Butch Blues cha Leslie Feinberg, cha 1993, kuhusu Jess, mfanyakazi wa viwandani huko Buffalo ambaye hatoshei katika uanaume wala uanamke wanaoutaka wengine, kinapatikana bure kwenye intaneti kwa mapenzi ya Feinberg mwenyewe. Kina ukatili wa polisi na wa kubakwa tangu mapema, na kwa sababu hiyo simpi mtu kiwe cha kwanza. Kiwe cha tano.

Yule mteja wa kitambulisho alirudi wiki iliyopita. Safari hii nilimwuliza kwanza anamtafutia nani. Akatazama mlango. "Mtoto wa dada yangu. Yuko Fomu Tatu. Mama yake hataki hata kumtazama." Kumbe jibu langu la Juni lilikuwa baya zaidi ya nilivyodhani, maana nilikuwa nimemtajia Vivek. Nilimfungulia Jambula Tree kwenye simu yake, aisome yeye kwanza. Kisha nikamwonyesha Udala na kurasa zile za moto zilipo, ili ajue kabla ya mtoto. Kwa dada yake, kama siku moja atataka, nilimwandikia jina la Binyavanga nyuma ya risiti.

Nakala yangu ya Udala itakuwa kwake hadi shule zifungue. Ukiitaka baada ya hapo, njoo na karatasi yako ya kaki, yangu imechakaa. Ile ya Vivek haipo Nakuru. Niliipeleka Kisumu mwaka jana, nikampa yule dada aliyenirudishia programu kwa mikono miwili, na ndani yake niliweka picha moja ya binamu yangu, ile aliyosuka rasta ndefu na kucheka mpaka macho yamefumba. Bado anacho. Sijamwuliza.